Namba tasa: kutoka chale za Ishango hadi kebo ya Mombasa

Kaa barazani Kibokoni, Mombasa, jioni, uagize kahawa na kashata kumi na mbili. Mtagawana wawili, watatu, wanne, hata sita, bila kinyongo. Ikiongezeka moja tu, mgao umevurugika: kumi na tatu haikubali mafungu sawa, ila azile mtu mmoja zote au watu kumi na tatu wapate moja moja. Hiyo ndiyo namba tasa.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye chale huko Ishango, ukingoni mwa Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Safu yake moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo wanaosema mchongaji alizijua. Mimi nasita, maana kuijua namba tasa kwataka kwanza ujue kugawanya. Hata hivyo, mfupa ule hunisisimua kila nikiufikiria.

Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Msako ukaanza. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya zile zipatikanazo kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara nyingi, kisha kutoa moja. Mbili zikizidishwa mara 67, kisha ikatolewa moja, alisema, jibu ni tasa. Alikosea. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake, akaandika ubaoni bila kutamka neno: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Jibu likawa namba ile ile ya Mersenne. Akarudi kukaa, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Tazama alichokionyesha: kuzidisha ni kazi ya dakika chache, kurudi nyuma ni kazi ya miaka. Juu ya ugumu huo, mwaka 1977 wataalamu Rivest, Shamir na Adleman walijenga kufuli la siri za kompyuta. Mwaka 2009 kebo ya intaneti ya TEAMS iliingia Mombasa ikitoka Fujairah, katika bahari ile ile ambamo kaskazi iliiletea Bandari ya Kale majahazi ya Ghuba. Siri za benki na barua zinazopita huko zahitaji makufuli ya aina hii, kama milango ya nakshi ya Kibokoni ilivyohitaji makomeo.

Lakini kufuli hilo hutosheka na namba tasa za tarakimu 300 hivi. Zile kubwa mno zafaa nini? Kusaka namba tasa hupima mashine. Mwaka 1994 Thomas Nicely, akihesabu namba tasa pacha (jozi zinazopishana kwa mbili), aligundua kasoro ya kugawanya ndani ya chipu ya Pentium, na kampuni ya Intel ikalazimika kubadilisha chipu hizo. Na mbinu za kuzidisha namba ndefu kwa haraka zimenolewa katika msako huo huo.

Tangu 1996, mradi alioanzisha George Woltman huunganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote ili kusaka namba tasa za aina ya Mersenne. Oktoba 2024 mshiriki wake, Luke Durant, alipata namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Ukiisoma tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, itakuchukua karibu siku 475. Na kompyuta za mradi huo bado zinatafuta iliyo kubwa zaidi.