Dozi ya Ng'ombe, Chanjo ya Simba

Mwezi uliopita nilikaribia kumuua mbwa wangu kwa kumwosha.

Anaitwa Chapo, kwa sababu ya rangi. Nilimtoa kwa boma la nyanya yangu, bonde la Lambwe kule Homa Bay, akiwa na wiki nane, nikapanda naye matatu hadi Migori, kwa bedsita ninayopanga tangu niache chuo. Alikuwa amejaa viroboto na kupe. Nikaenda agroveti, nikaeleza shida, na jamaa akanimiminia dawa kidogo kwenye chupa ya soda. "Bosi, hii ndiyo watu wote hutumia. Weka kifuniko kimoja kwa beseni."

Sikuuliza kifuniko cha chupa gani. Baada ya saa mbili Chapo alikuwa anayumba kama mlevi, udenda unamtoka, kisha miguu ikakataa kabisa.

Daktari wa mifugo niliyempigia aliuliza swali moja: "Hiyo dawa ni ya nani?"

"Ni yangu, daktari."

"La, kijana. Ni ya mnyama gani?"

Chupa haikuwa na lebo, lakini jibu nililijua. Ilikuwa ya ng'ombe. Akaniambia nimsuuze kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nimkaushe, nimfunike apate joto, halafu nimlete haraka. Chapo aliokoka. Lile swali ndilo lilibaki. Nilisoma historia miaka miwili kabla karo haijaisha, na hiyo tabia ya kuchimba haikuisha pamoja na karo. Nikaanza kutafuta: mbwa wa kwetu alipotibiwa, alitibiwa kwa ajili ya nani?

Anza na kupe. Wakati wa ukoloni serikali ilihangaika sana na homa ya East Coast, ambayo huletwa na kupe na huua ng'ombe. Ndipo majosho yakaenea. Yale ya mwanzo yalikuwa na arseniki, sumu kabisa, na baadaye zikaja dawa nyingine. Kila kitu kilipimwa kwa kumfikiria ng'ombe. Mbwa akifuata kundi, alitumbukizwa pia, na akitoka mzima watu walisema imefanya kazi. Miaka ya 1990, serikali ilipopunguza huduma za mifugo, majosho mengi yalikufa na dawa ikahamia dukani. Kipimo kikawa kifuniko. Kwa hiyo yule jamaa wa agroveti hakunidanganya. Alinipa alichorithi, nami nikapokea bila kuuliza.

Halafu kuna mbung'o. Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitumwa Zululand kuchunguza nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe. Alipeleka mbwa kwenye pori lenye mbung'o, kisha akapima damu yao. Kimelea alichokitambua leo kina jina lake: Trypanosoma brucei. Mwaka 1903 alikuja Uganda, wakati wa janga la malale ambalo inakadiriwa liliua watu zaidi ya 200,000 karibu na Ziwa Victoria. Bruce akapata sifa. Wale mbwa hawana hata majina.

Lambwe ni sehemu ya hadithi hiyo hiyo. Hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa hapo mwaka 1966, ambayo tangu 1983 ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, iko katikati ya makazi ya zamani ya mbung'o. Kwa miaka mingi serikali ilifyeka vichaka, ikanyunyiza dawa, ikatega mitego. Mbung'o aliwindwa kwa ajili ya watu na ng'ombe. Lakini mbwa naye huambukizwa. Hupata homa, hukonda, na macho yake yanaweza kugeuka meupe kama yamemwagiwa maziwa.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nikiwa darasa la nne tulikuwa na mbwa aliyeitwa Polisi, aliyefuata ng'ombe wetu hadi karibu na ua wa mbuga. Macho yake yalianza kuwa meupe, akakonda, akaanza kugonga milango. Watu wakasema amezeeka. Polisi alikuwa na miaka mitatu. Hakuna aliyempima, kwa hiyo leo siwezi kuapa kwamba ni mbung'o. Ninachokumbuka ni kwamba wiki hizo hizo mtu alikuja na sindano za ng'ombe, akadunga ng'ombe wote, akaruka Polisi akielekea kwa pikipiki yake.

Kwenye rekodi za serikali mbwa aliingia kwa mlango mwingine: kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mwaka 1912, mbwa wa viungani mwa Nairobi. Tangu hapo sheria imemjua mbwa kama hatari. Afungwe, achanjwe, au auawe akikutwa anazurura. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza ugonjwa huu kwa watu kufikia 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Ni mpango mzuri, na naomba ufaulu, maana karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa aliumwa na mbwa. Lakini hata hapo, anayelindwa ni mtu.

Kisa cha mwisho kiko karibu zaidi na mlango wangu. Kutoka Migori ukishuka Isebania unavuka mpaka, na Serengeti haiko mbali. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua kama theluthi yao, takriban simba 1,000. Wanasayansi waliufuata hadi kwa mbwa wa vijijini. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga wakaanza kuchanjwa. Watoto wa mbwa walikuwa wamekufa na distempa miaka nenda miaka rudi. Chanjo ikaja simba alipokufa.

Nilimsimulia Dana haya yote kwa simu. Akanisikiza, akasema mbwa wa kienyeji hafi ovyo. Ana haki kidogo, maana hawa ni uzao wa waliovumilia kupe na mbung'o kwa karne nyingi. Lakini parvo, ile ya kuharisha damu, ilitambuliwa duniani mwaka 1978 tu. Mababu wa Chapo hawakupata muda wa kuizoea.

Kwa hivyo sasa tuna utaratibu. Naoga naye? Hapana, anaoga peke yake, beseni la maji ya vuguvugu, sabuni ya mbwa, mchana jua likiwaka. Kupe namtoa kwa kibanio, na dawa ni ile yenye picha ya mbwa na uzito wake umeandikwa. Anakula mara tatu kwa siku, ugali na omena iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na simpi mifupa ya kuku iliyopikwa. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi afike miezi mitatu. Chanjo ya parvo na distempa inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa atadungwa akifika miezi mitatu.

Si rahisi kwa mtu anayelipwa kwa makala. Sindano moja imekula pesa ya wiki nzima, na jirani yangu ananicheka.

Jana Dana alipiga. Hakuuliza habari za kazi.

"Huyo mtoto amekula?"

"Amekula, Dana."

"Na macho yake yakoje?"

Nikamwinua Chapo hadi dirishani, nikamwangalia vizuri kwenye mwanga kabla ya kumjibu.