Ukurasa Uliokatwa: Shajara ya Lewis Carroll, Riwaya ya Upelelezi na Wajibu wa Mtunza Nyaraka

Ikisiri

Makala hii inachunguza pengo moja katika shajara ya Charles Lutwidge Dodgson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, mwandishi wa visa vya Alice. Pengo hilo la mwezi Juni 1863 limezua mjadala wa kitaaluma na, mwaka 2019, likawa kiini cha riwaya ya upelelezi ya mwandishi wa Argentina, Guillermo Martínez. Makala inapima ushahidi uliopo, inalinganisha kazi ya mpelelezi wa kubuni na ya mwanahistoria, kisha inaeleza funzo linalopatikana kwa hifadhi za nyaraka za Afrika Mashariki, hasa zile zilizomo mikononi mwa familia. Hoja kuu ni kwamba hasara kubwa iliyoletwa na ukurasa ule haikumpata mwandishi wake. Iliwapata watoto ambao habari zao ziliandikwa na wengine na kufutwa na wengine.

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Julai 1862, Dodgson, mhadhiri wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford, alipiga makasia katika mto Thames pamoja na rafiki yake Robinson Duckworth na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Henry Liddell: Lorina, aliyeitwa Ina nyumbani, Alice na Edith. Hadithi aliyowasimulia siku ile aliiandika kwa mkono wake na kumpa Alice mwezi Novemba 1864. Mwaka uliofuata ilichapishwa na Macmillan, ikiwa imepanuliwa na kupambwa kwa michoro ya John Tenniel. Kitabu cha pili, cha Alice kupita ndani ya kioo, kilitoka mwishoni mwa mwaka 1871.

Wasomaji wa Kiswahili walimpokea Alice mwaka 1940, kupitia tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies iitwayo Elisi katika Nchi ya Ajabu. Tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka mwaka 2015. Kwa hiyo hadithi hii si ngeni kwetu. Linalojulikana kwa uchache ni kwamba nyuma yake kuna fumbo la kihistoria ambalo halijafumbuliwa hadi leo, na ambalo chanzo chake ni wembe au mkasi, si upungufu wa kumbukumbu.

2.0 Shajara na Mapengo Yake

Dodgson alikuwa mtu wa kuandika kila jambo. Aliacha shajara ya majuzuu 13. Alipofariki mwezi Januari 1898, mpwa wake Stuart Dodgson Collingwood aliitumia kuandika wasifu uliochapishwa mwaka huo huo. Baadaye majuzuu manne yalitoweka. Tisa yaliyobaki yalikaa mikononi mwa familia hadi yalipohamishiwa British Library mwaka 1969. Toleo kamili la yaliyosalia, lililohaririwa na Edward Wakeling, lilitoka kwa majuzuu kumi kati ya mwaka 1993 na 2007.

Hata ndani ya majuzuu yaliyosalia kuna kurasa zilizokatwa. Iliyo maarufu zaidi ilihusu siku za tarehe 27 hadi 29 Juni 1863. Kabla ya siku hizo Dodgson alikuwa akiingia na kutoka nyumbani kwa Liddell kama mwenyeji. Baada yake uhusiano ukapoa ghafla. Ilipita miezi kadhaa kabla ya kuwaona tena watoto wale, na ukaribu wa mwanzo haukurudi. Kilichotokea katikati kiliandikwa, lakini kilichoandikwa kimeondolewa.

Watu wengi wanamdhania mwandishi mwenyewe. Hata hivyo, ushahidi unaelekea kwa warithi, hususan Menella na Violet Dodgson, mabinti wa ndugu yake, waliokuwa walinzi wa shajara katika karne ya 20. Tuelewe mazingira yao. Jina la mjomba lilikuwa mali ya ukoo, na kadiri watafiti walivyozidi kubisha hodi ndivyo hofu ya aibu ilivyoongezeka. Walikuwa na nia ya kulinda heshima. Matokeo yake ni kinyume: pengo liliwapa watu ruhusa ya kudhani jambo baya kuliko yote.

3.0 Mashahidi Watatu

Shahidi wa kwanza ni kikaratasi. Mwaka 1996 mtafiti Karoline Leach alikikuta katika nyaraka za familia ya Dodgson huko Guildford. Kina kichwa kinachotaja kurasa zilizokatwa, na chini yake muhtasari mfupi wa kila ukurasa. Kuhusu Juni 1863, kinasema kwamba Dodgson alielezwa na Bi. Liddell kuwa anashukiwa kuwatumia watoto kama njia ya kumchumbia mwalimu wao wa nyumbani, na kwamba wengine walimdhania kumchumbia Ina. Alice hatajwi kuwa sababu. Wakati huo Ina alikuwa na umri wa miaka 14, Alice 11, na Dodgson 31.

Uzito wa kikaratasi hiki unatokana na uwezekano kwamba aliyekiandika aliuona ukurasa kabla haujakatwa. Udhaifu wake unatoka mahali pale pale: mwandiko unahusishwa na wanafamilia wenyewe, yaani watu waliokuwa na sababu ya kuchagua maneno. Muhtasari si ukurasa. Mtu anayekata jambo na kisha kulieleza kwa mistari miwili ni shahidi na mhariri kwa wakati mmoja.

Shahidi wa pili ni Ina mwenyewe, akiwa mzee. Mwaka 1930, baada ya kuhojiwa na mwandishi wa wasifu, alimwandikia Alice kumweleza alichojibu: kwamba Dodgson alikuwa amezidi kumwonyesha Alice mapenzi kadiri alivyokua, mama yao akazungumza naye, naye akaudhika na kuacha kuja. Lakini katika barua hiyo hiyo Ina anadokeza kwamba alilazimika kutoa sababu fulani. Je, alisema kweli, au alikuwa akigeuza macho ya mwulizaji yasimwelekee yeye, ambaye kikaratasi kinamtaja? Barua inaruhusu usomaji wote miwili.

Shahidi wa tatu ni ukimya wa Alice. Katika kumbukumbu zake za uzeeni alieleza kuwa mama yake alizichana barua zote ambazo Dodgson alimwandikia utotoni. Kwa hiyo nyumba zote mbili ziliharibu nyaraka, na kila moja ilikuwa na sababu zake. Mtoto aliyekipa kitabu jina lake hakuachiwa hata karatasi zilizokuwa mali yake.

Pembeni ya mashahidi hawa zimo picha za watoto ambazo Dodgson alizipiga, baadhi zikiwa za watoto wasio na nguo. Wapo wanaozisoma kwa desturi za sanaa ya zama za Victoria, na wapo wanaozisoma kwa wasiwasi wa leo. Mwanahistoria hana budi kuzitaja pasipo kuzifunika na pasipo kuzigeuza hukumu. Picha hizo peke yake hazisemi kilichotokea Juni 1863, na ukurasa ambao ungeweza kumtetea Dodgson au kumtia hatiani haupo.

4.0 Mpelelezi wa Kubuni

Guillermo Martínez, aliyezaliwa Bahía Blanca mwaka 1962, ni mwanahisabati aliyebobea katika mantiki na aliyewahi kufanya utafiti Oxford. Riwaya yake ya awali, Crímenes imperceptibles ya mwaka 2003, ilifanywa filamu mwaka 2008. Mwaka 2019 alitwaa tuzo ya Nadal, ya Hispania, kwa Los crímenes de Alicia. Humo, mwanafunzi aitwaye Kristen Hill anatumwa Guildford na chama cha wapenzi wa Carroll, anakuta karatasi inayohusu ukurasa uliokatwa, na kabla ya kuitangaza anagongwa na gari. Mauaji yanayofuata yanachukua sura ya matukio ya vitabu vya Alice. Profesa wa mantiki Arthur Seldom na mwanafunzi kutoka Argentina wanaifuata njia ya dalili.

Martínez ameweka matukio yake mwaka 1994, miaka miwili kabla ya kikaratasi halisi kutangazwa. Amebuni wauaji na wahanga, lakini swali lake kuu hakulibuni: nani ananufaika ukurasa usipojulikana? Katika riwaya, majibu ni mengi, kwa kuwa karatasi moja inagusa sifa za wasomi, miradi ya uchapishaji na heshima ya marehemu. Swali hilo ndilo ambalo mjadala wa kitaaluma umelipa nafasi ndogo, kwa sababu watafiti wamejishughulisha zaidi na kilichokuwa kimeandikwa kuliko na waliokuwa na mamlaka ya kukiondoa.

Fasihi ya Kiswahili ina njia yake katika jambo hili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, inaweka maiti mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu, kisha Bwana Msa anatumia hoja kuonyesha mkono wa binadamu. Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 inabeba katika anwani yake jina la nchi ya wachawi inayosimuliwa visiwani. Martínez na Abdulla hawana uhusiano wa moja kwa moja, lakini utaratibu wao unafanana: ulimwengu wa ajabu ni pazia, na kazi ya akili ni kuuliza nani amelitundika.

Hapa ndipo mpelelezi na mwanahistoria wanapoachana. Mpelelezi wa riwaya analazimika kufika mwisho. Msomaji amemlipia jibu. Mwanahistoria anaweza kuishia kwenye mizani. Katika suala la Juni 1863, mizani hiyo inaruhusu kusema mambo matatu kwa uhakika wa kutosha: palitokea mgogoro, Bi. Liddell alihusika, na maelezo yaliyosalia yote yametoka kwa watu wenye maslahi. Kusema zaidi ya hapo ni kuhamia upande wa bunilizi.

5.0 Funzo kwa Hifadhi Zetu

Sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili iliyoandikwa haikuanza katika ofisi za serikali. Ilianza katika miswada ya hati ya Kiarabu iliyotunzwa majumbani Lamu, Pate, Mombasa na Unguja. Tungo za Muyaka bin Haji zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kuzieleza, William Taylor akazihifadhi, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940, mwaka ule ule wa Elisi. Kila mkono uliopokea uliamua nini kipite. Orodha ya miswada ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoandaliwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970 inatuonyesha kilichookolewa. Kwa asili yake, orodha haiwezi kutuonyesha kilichobaki sandukuni au kilichochomwa.

Sheria zetu, kama Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002, kiini chake ni nyaraka za umma. Familia yenye shajara, barua au diwani ya babu huachwa iamue peke yake, kama walivyoachwa Menella na Violet. Hatupaswi kuzilaumu familia hizo. Mtu anayeona chaguo ni mawili tu, kuanika aibu au kuiteketeza, huenda akateketeza.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza hatua nne. Kwanza, hifadhi za taifa na vyuo vikuu vitoe mikataba ya amana, ambapo familia hukabidhi nyaraka zikafungwa kwa muda unaokubaliwa, huku umiliki ukiwa umeelezwa wazi. Pili, kila orodha ya miswada iwe na safu ya mapengo: ukurasa gani haupo, umekatwa au umeoza, na nani alikuwa mtunzaji. Tatu, maelezo ya mdomo ya watunzaji kuhusu kilichoondolewa yarekodiwe pamoja na jina la msemaji na uhusiano wake na jambo lenyewe. Nne, nyaraka zinazohusu watoto na wanawake waliotajwa bila kuulizwa zipewe utaratibu maalumu, ili ulinzi wa faragha yao usitumike kama kisingizio cha kumlinda mwenye jina kubwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuwa mratibu wa mwongozo wa pamoja, maana miswada ya ukoo mmoja mara nyingi imetawanyika pande mbili za mpaka.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukurasa wa Juni 1863 ulikatwa, yumkini na warithi, kwa nia ya kulinda jina la ukoo. Kwamba mashahidi waliobaki wanapingana. Na kwamba riwaya ya Martínez inasaidia kwa kuelekeza swali kwenye maslahi ya wanaomiliki nyaraka. Alice Liddell alifariki mwaka 1934. Ina alikuwa amemtangulia. Hakuna aliyewapa nafasi ya kueleza tukio lile kabla ya uzee na kabla ya kila mtu kuwa na lake la kuficha. Katika miji yetu ya pwani bado wapo wazee wanaojua ni nini kilitolewa katika masanduku ya familia zao, na kwa sababu gani. Hatua ya tatu iliyopendekezwa hapo juu haihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa, na kwa kuwa inategemea umri wa watu, ndiyo inayopasa kutangulia.