Mapengo katika daftari la Majengo

Kila anayejifunza kujaza data iliyokosekana kwa mice ya R au mi ya Stata hupewa mifano ya ng'ambo. Mfano mzuri zaidi ninaoujua uko Majengo, Pumwani, jirani na Gikomba.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wakiwemo Elizabeth Ngugi na Frank Plummer, walianza kufuatilia afya ya wanawake waliouza ngono mtaani humo. Ripoti yao katika jarida la Lancet mwaka 1996 ilihusu wanawake 424 waliojiunga kati ya 1985 na 1994 wakiwa hawana VVU. Kati yao 239 waliambukizwa. Wachache walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, wakaonekana kuwa na kinga ya aina fulani.

Sasa liweke daftari hilo kwenye kompyuta. Mama amepimwa Januari, hana virusi. Kliniki anarudi Septemba, anavyo. Katikati ni kutupu. Ukiiachia programu ijaze kila mwezi peke yake, itakuandikia ana, hana, ana. Upuuzi! VVU havitoki mwilini namna hiyo. Dawa yake ni kukisia tarehe moja tu ya kuambukizwa kati ya vipimo viwili, kisha hali ya kila mwezi itokane na tarehe hiyo. Na usimwekee kila mtu tarehe ya katikati, maana utapata uhakika wa uongo. Ndiyo sababu Donald Rubin, katika kitabu chake cha 1987, alitaka tujaze mara kadhaa, tuchambue kila nakala, ndipo tuunganishe majibu.

Hiyo ndiyo rahisi. Ngumu ni kwamba mice, usipoielekeza vingine, huchukulia kuwa sababu ya pengo inaonekana kwenye safu nyingine ulizonazo. Majengo ni mtaa wa watu wa kuja na kuondoka tangu miaka ya 1920, na baadhi ya akina mama hao kwao kulikuwa Tanzania. Asiyeonekana kliniki huenda yuko safarini, kapumzika kazi, au mgonjwa. Mwaka 2001 Rupert Kaul na wenzake waliripoti kuwa wanawake 11 waliodhaniwa kuwa na kinga waliambukizwa kati ya 1996 na 1999, na jambo hilo liliambatana na kupunguza kazi mwaka uliotangulia. Kinyume kabisa cha ambavyo ungebashiri!

Ukiacha nje safu ya kiasi cha kazi na ya urefu wa kutoonekana, programu haitalalamika. Grafu zitatulia, jibu litakuwa bovu. Ziingize zote mbili, kisha rudia ukisogeza makisio ya wasioonekana kidogo kidogo kuelekea kuambukizwa, uone hitimisho linaanguka wapi.

Halafu angalia nani anahesabiwa kuwa na kinga: ni lazima awe amefuatiliwa miaka kadhaa. Aliyerudi kwao mwaka wa pili hayumo hata kwenye jedwali unalolijaza.