Sauti ya Siti Katika Sahani na Katika Tarakimu

Mwezi wa Machi, 1928, Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kwenda Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Sahani zile zilikuwa za lakri, kwani za vinaili hazikuenea ila baada ya 1948. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, na sindano kila ilipopita iliusoma mfuo na kuula papo hapo.

Nakala ya dijitali haina ila hiyo. Kwa kipimo cha CD, iliyotoka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, nazo tarakimu hazichakai kwa kusikilizwa. Hatari iko kwingine. Mkwaruzo wa sahani kuukuu huvuma sana katika mitetemo ya juu, na humo ndimo ikaamo s, ambayo mitambo ya 1928 iliinasa kwa shida. Fundi aufutaye mkwaruzo huifuta na konsonanti, na msikilizaji akabakiwa na Kiunguja laini kisichopata kusemwa na mtu. Kwa mtafiti wa matamshi, nakala isiyosafishwa, hata ikiudhi sikio, ndiyo ya kutangulizwa. Na sahani yenyewe isitupwe: ikiwa ilizungushwa mbio kupita kiasi siku ya kunakiliwa, sauti ilipanda, na tarakimu hulihifadhi kosa hilo kwa uaminifu uleule.