Kompaili, unganisha, pakia: istilahi za kuiwezesha seva kusimba fiche

Seva ya wavuti kama Apache au nginx husimba fiche mawasiliano kwa msaada wa maktaba ya programu, aghalabu OpenSSL. Anayeiunda seva kutokana na msimbo chanzo hupitia hatua tatu, na kila moja huweza kukwama kwa sababu yake. Maelekezo yanayoziita zote "kukusanya programu" humnyima msomaji njia ya kujua tatizo liko wapi.

1. kompaili (kt) Geuza msimbo chanzo kuwa msimbo wa mashine. Mny: *kompailia, kompailiwa*. Chombo: *kompaila*. Kitenzi *kusanya* kiepukwe, kwani hakidokezi mgeuzo wowote.
*Hitilafu:* kompaila haioni faili la openssl/ssl.h. Maktaba yenyewe huenda ipo. Yanayokosekana ni mafaili ya kuundia programu, ambayo katika Debian yamo ndani ya kifurushi cha libssl-dev, na katika Fedora openssl-devel. Tafsiri iwe "faili halikupatikana", si "OpenSSL haipo".

2. unganisha (kt) Funga pamoja vipande vilivyokwisha kukompailiwa na maktaba vinazozitegemea.
*Hitilafu:* "rejeleo lisilofafanuliwa", yaani jina limetajwa lakini maktaba haina kitendakazi chenye jina hilo. Mfano ni SSL_library_init: tangu toleo la 1.1.0 la mwaka 2016, jina hilo limebaki kuwa lakabu ya kitendakazi kingine. Aliyekompaili kwa mafaili ya toleo la zamani, kisha akaunganisha na maktaba mpya, atakwama hapa. Dawa ni kutumia toleo lilelile katika hatua zote mbili; katika Apache, chaguo la --with-ssl huelekeza kwenye folda inayotakiwa.

3. pakia (kt) Ingiza maktaba katika kumbukumbu ya kompyuta programu inapoanza.
*Hitilafu:* seva imeundwa, lakini inagoma kuanza kwa kuwa libssl.so.3 haionekani. Amri ya ldd hutaja maktaba inayokosekana. Mfasiri akiandika "haikukompailiwa", atamrudisha msomaji kwenye kazi iliyokwisha kukamilika.

Angalizo: *simba* na *simba fiche*
*Kusimba* ni kubadili umbo la data kwa kanuni iliyo wazi, kama Base64. Yeyote anaweza kuisimbua. *Kusimba fiche* huhitaji ufunguo, na asiye nao hasomi kitu. Neno *fiche* si pambo: likidondoshwa, msomaji anaweza kuamini kuwa nywila iliyosimbwa kwa Base64 imelindwa.

Vivyo hivyo, "imekompailiwa bila kosa" si sawa na "inasimba fiche". nginx ikiundwa bila chaguo la --with-http_ssl_module, hukompailiwa vizuri kabisa, ila haina uwezo huo. Amri ya nginx -V huorodhesha chaguo zilizotumika. Kwa Apache, httpd -M huorodhesha moduli zilizopakiwa, na ssl_module sharti iwemo.

Mifano ya matumizi
• Moduli ilikompailiwa, lakini haikuunganika na maktaba.
• Seva imeshindwa kupakia maktaba ya usimbaji fiche.
• Data hii imesimbwa tu, haijasimbwa fiche.