Hedifoni, Redio ya Babu na Matuta ya Mlalo

Hedifoni zangu huota ukungu. Mtu wa Dar es Salaam hatanielewa haraka, lakini wa Lushoto anajua: ukiacha kitu cha ngozi kabatini kuanzia Mei hadi Agosti, utakikuta kimevaa manyoya meupe. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na nyumbani kwetu, upande wa Mlalo, ukungu wa asubuhi hauombi ruhusa. Huingia mpaka jikoni. Labda ndiyo maana Kiswahili kimetumia neno moja kwa vyote viwili, ule unaofunika milima na ule unaokula mkanda wa saa.

Nilizinunua mkononi mwa mtu aliyekuwa anahama Dar es Salaam, kwa bei niliyomwambia Bibi kuwa ni laki moja. Haikuwa laki moja. Nilijitetea kwamba ni za kazi: nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu ya utafiti wangu ni kusikiliza kanda za zamani za wazee wa Usambara. Utetezi huo ulikuwa na ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilizitamani tangu nikiwa mwaka wa kwanza.

Hedifoni nyingi, hata zile za machinga wa stendi, hufanya kazi kama spika ya redio. Kuna koni ndogo, nyuma yake koili ya waya, na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, koili inakwenda mbele na nyuma, na koni inasukuma hewa. Zangu ni za sumaku bapa, hazina koni. Ndani yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, wenye njia za metali zilizochorwa juu yake, umewambwa kama ngozi ya ngoma mbele ya safu za sumaku. Kwenye koni, nguvu inaanzia pale koili iliposhika na sehemu nyingine zinaburutwa. Kwenye utando, nguvu imetandazwa, kwa hiyo uso mzima unasogea kwa pamoja. Wapenzi wake husema sauti hutoka safi zaidi, kila kitu kikiwa mahali pake. Wasemacho wapenzi wa kitu chochote ni cha kupokewa kwa tahadhari, nami nitarudi hapo.

Teknolojia hii si ya jana. Wharfedale ya Uingereza iliuza hedifoni za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1976 Yamaha ya Japani ikatoa HP-1, iliyochorwa na mbunifu Mwitaliano Mario Bellini. Kisha mwaka 1979 Sony ikatoa Walkman, na dunia ikataka kitu chepesi cha kutembea nacho. Sumaku za hedifoni hizi zilikuwa nzito, nazo zilitaka amplifaya ya mezani. Zikabaki kwa wachache, Fostex wa Japani wakiendelea kuzitengeneza kwa ajili ya studio. Zilirudi kwa kishindo kuanzia 2009 na 2010 hivi, kupitia kampuni kama HiFiMan na Audeze, safari hii zikiwa na sumaku za neodimi, ambazo General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani walizigundua, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Madini hayo tunayo: mlima Ngualla, mkoani Songwe, umelala juu ya neodimi. Kwa hiyo siku moja sumaku itaweza kutoka Songwe, izunguke dunia, irudi Lushoto kama bidhaa ambayo mwanafunzi anamdanganyia bibi yake bei.

Wakati Yamaha wanauza HP-1, Babu alikuwa na redio ya National. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, na jina hilo la National, kwenye redio na kwenye betri, liliingia vijijini kabla ya umeme. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza mwaka 1951. Kufikia 1965 ilikwisha kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio ya transista iliweza kuinasa hata huku mabondeni, ukijua pa kusimama. Babu alijua. Baba anasimulia kuwa waya wa antena ulipanda mkaratusi ulio nyuma ya nyumba, na mtu aliyeukata kwa bahati mbaya akichanja kuni alipewa maneno ya wiki nzima.

Ile redio ilikuwa mali ya Babu, ila usikilizaji ulikuwa wa wote. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi kimoja kilikaa uani kwetu. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa ili sauti ifike nyuma. Ikiisha, Babu aliifuta kwa kitambaa, akaivika mfuko wake wa ngozi, akatoa betri na kuzianika juani zipate nguvu ya siku mbili tatu tena. Anayedhani kutunza vifaa vya sauti ni ugonjwa wa watu wenye fedha hajamwona mkulima akipanga betri juu ya bati kama anayeanika samaki.

Nami nikajikuta narithi ile kazi. Kumiliki hedifoni hizi Usambara ni kuzihudumia. Usiku nazilaza kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Sizibandiki masikioni kwa haraka, kwa sababu hewa ikisukumwa ghafla inaweza kuuvuta utando. Na siziweki karibu na vumbi la chuma. Sumaku zile ni kali, na chembe moja ikipenya mpaka kwenye utando, basi kila wimbo utakuwa na mkwaruzo.

Onyo hilo nililikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya meza ya fundi redio mjini Lushoto. Waya ulikuwa umekatikia kwenye plagi, na meza yake ilijaa skrubu, vipande vya chuma na unga wa tupa. Nilimwomba nizifunge hedifoni kwenye mfuko wa plastiki, zibaki nje plagi na waya peke yake.

“Dogo, hizi zinaugua?” akauliza.

Nikamweleza habari za sumaku. Alichukua bisibisi, akaisogeza karibu na mfuko, akaiona inavutwa, akanyamaza. Kisha alifagia meza yote, akatandika gazeti, akachoma risasi kwa utulivu wa mtu anayeshona kidonda. Akanitoza elfu tatu. Alipojaribu kusikiliza kwa simu yake, alizirudisha akiwa amekunja uso: “Hazina nguvu.” Alikuwa sahihi. Hedifoni hizi zina njaa ya umeme, na simu peke yake huzipa sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ilibidi ninunue amplifaya ndogo, ya ukubwa wa kiberiti, inayochomekwa simuni. Ndivyo gharama zinavyozaana: kifaa kizuri hukuonyesha ubaya wa kile kilichokitangulia.

Mito yake ya ngozi bandia ililiwa na ukungu mwezi wa saba. Kuagiza mingine kulitaka fedha za chakula cha mwezi, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi cherehani na kipande cha mahameli. Sponji tuliikata kutoka kwenye mabaki ya fundi wa makochi. Mito mipya ilitoka mmoja mnene kuliko mwenzake, na sauti ilibadilika: kitambaa hupitisha hewa, basi besi ikapungua na sauti za watu zikasogea mbele. Kwa muziki wa dansi nilikuwa nimeharibu. Kwa kanda zangu, bila kukusudia, nilikuwa nimeboresha.

Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1988. Baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja likizo na redio kaseti, akaiweka mbele ya Babu, akamwomba asimulie enzi za matuta. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi bonde la Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye mashamba ya miteremkoni. Kazi ilikuwa ngumu na ya lazima, na asiyelima aliadhibiwa. Chuki iliyozaliwa hapo iliingia katika siasa za uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman ameuandika upinzani huo katika *Peasant Intellectuals*, kitabu cha mwaka 1990 ambacho kila anayesoma historia ya Usambara hukutana nacho. Mimi nilikuwa na kitu ambacho hakimo humo: sauti ya babu yangu, kwa Kisambaa, akisema, “Tulilima matuta mpaka mikono ikatoka damu.” Nilinukuu sentensi hiyo, nikajenga sura nzima juu yake, nikamkabidhi msimamizi wangu.

Sura hiyo niliiandika kwa kusikiliza na vile vihedifoni vilivyokuja na simu. Baada ya sentensi ya Babu kulikuwa na mkwaruzo, kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Katika nakala yangu niliandika kwenye mabano: kelele za jikoni.

Jioni moja, mito ya mahameli ikiwa mipya, niliirudia kanda nikiwa nimekaa jikoni kwa Bibi maana ndiko kuna moto. Ilipofika pale, ile sufuria ikawa na maneno. Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali na maikrofoni, pengine mlangoni: “Ulilima wewe? Wewe ulikuwa Korogwe kwenye mkonge.” Halafu Babu anacheka kidogo, anakohoa, anaendelea na habari nyingine.

Hedifoni zangu ni za mgongo wazi. Sauti inayoingia masikioni hutokea pia nje. Nilizoea kuihesabu kuwa kasoro, kwa sababu kwenye basi jirani husikia unachosikia. Bibi, aliyekuwa akimenya viazi upande wa pili wa moto, aliinua kichwa.

“Huyo ni mimi,” akasema.

Sikuwa nimemwambia chochote. Nilimvisha hedifoni. Alizishika kwa mikono miwili yenye maganda ya viazi, na kwa mara ya kwanza sikuwaza habari za mito. Alimsikiliza mumewe, aliyefariki kabla mimi sijaanza shule, kwa muda wa kaseti upande mzima. Alipomaliza hakulia, kama nilivyotarajia kwa kuwa nilikuwa nikisoma riwaya nyingi mno. Alisema tu kwamba babu yako alipenda kusema “tulilima”. Kisha akanihesabia waliolima. Mama yake, akiwa na mtoto mgongoni. Shangazi zake wawili. Yeye mwenyewe, msichana mdogo, akibeba maji na kufukia mashimo yaliyosahauliwa. Wanaume wengi wa ukoo walikuwa tambarare wakitafuta fedha ya kodi, na jembe lililoamriwa na serikali liliangukia mikono iliyobaki nyumbani.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo wapenda vifaa hawalipendi. Nilichukua vile vihedifoni vya simu, nikasikiliza tena pale pale. Bibi alisikika. Hafifu, lakini maneno yote yalikuwepo: Korogwe, mkonge, wewe. Nilipokwisha kujua, hata kifaa cha elfu tano kilinipa. Siwezi basi kudai kwamba utando na neodimi vilinifunulia kilichofichika. Walichonipa ni sababu ya kukaa. Mtu aliyetumia fedha nyingi kwa ajili ya kusikia hurudia kusikiliza, anatafuta thamani ya fedha yake kila pembe ya kanda, hata kwenye kelele za jikoni. Ningeweza kufanya hivyo bure tangu mwanzo. Sikufanya, kwa sababu Babu alikuwa karibu na maikrofoni, na mimi nilikwisha pata nilichokuwa nakitaka.

Sura niliiomba irudi. Msimamizi wangu aliuliza kama ni marekebisho madogo. Nikamjibu kuwa ni mtu mmoja ameongezeka. Siku zilizofuata niliweka simu katikati ya viazi na kumrekodi Bibi, safari hii yeye ndiye aliyekuwa mbele na mimi mbali, na majirani wawili waliokuja kuota moto wakimsahihisha majina. Kila jioni alitaka kusikia kilichorekodiwa jana yake, lakini hedifoni alizikataa. Alisema zinabana, halafu wenzake nao wanataka kusikia.

Kwa hiyo nilizivua, nikazigeuza kifudifudi, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaziweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo na sauti ilikuwa nyembamba. Wote watatu walisogeza vigoda.