Usitukane wakunga, na wala usiwazuie kusoma

Najua nimepotea hapa kijiweni kwa wiki tatu hivi. Siyo uvivu. Nilipewa kazi na mama yangu mdogo, na kazi ya mama mdogo huwezi kuipiga danadana kama unavyoipiga ya mhariri.

Ma'mdogo ni muuguzi mkunga. Amezalisha kwa miaka kumi na tisa katika hospitali moja ya wilaya (siitaji jina, naomba msinichokonoe). Mwaka jana alianza shahada ya uzamili ya ukunga, ule mtindo wa kusoma huku unafanya kazi: darasani siku chache za wiki, mengine unayamalizia nyumbani usiku. Usiku upi sasa? Ule ambao hayuko zamu. Jioni moja nilimkuta amesinzia mbele ya kompyuta, sare hajavua, chai imepoa.

"Shikamoo ma'mdogo."

"Marahaba baba. Hebu kaa hapo. Wewe si mwandishi wa habari?"

Akanimwagia yote. Kwamba wenzake wodini wanamcheka, eti kazi ya mkunga ni mikono, masters ya nini? Kwamba mwajiri alimsainia fomu ya ruhusa lakini hajampunguzia hata zamu moja. Kwamba ada ya muhula unaofuata inamkodolea macho, na wajomba zangu wanasema pesa hiyo ingetosha kufungua duka la dawa. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi: "Nitafutie baba. Katika historia, kuna mama mjamzito yeyote aliyewahi kufaidika kwa sababu mkunga alikwenda kusoma? Kama hakuna, naacha. Sina nguvu za kutafuta cheti cha kutundika ukutani."

Basi ndugu zangu, nikaingia maktaba.

Mtu wa kwanza niliyekutana naye ni Mfaransa, Louise Bourgeois, aliyezaliwa mwaka 1563. Mumewe alikuwa kinyozi-mpasuaji (enzi hizo kazi hizo mbili zilikwenda pamoja) aliyefunzwa na Ambroise Paré, mpasuaji maarufu kuliko wote wa zama zile. Louise alisoma maandishi ya Paré, akaenda kuzalisha wanawake wa mtaani, akapanda hadi akawa mkunga wa malkia Marie de Médicis. Mwaka 1601 ndiye aliyempokea mtoto aliyekuja kuwa mfalme Louis wa 13. Mwaka 1609 akachapisha kitabu kuhusu uzazi kilichotokana na yale aliyoyaona kazini. Mkunga mwenye kitabu! Mwaka 1627 binti mmoja wa ukoo wa kifalme akafariki baada ya kujifungua, madaktari wakaandika ripoti iliyomnyooshea kidole yeye. Unajua alifanya nini? Alichapisha majibu. Hakulia pembeni wala hakuomba mtu amsemee. Nikajiambia, hii ndiyo faida ya kwanza ya mkunga kusoma: anakuwa na kalamu yake siku ya kesi.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wake mchungu. Uingereza kulikuwa na ukoo wa Chamberlen, wapasuaji waliobuni koleo la kumvuta mtoto aliyekwama. Badala ya kuufundisha ulimwengu, walikificha kifaa hicho ndani ya ukoo kwa zaidi ya miaka 100. Fikiria ni wanawake wangapi walikufa katika miaka hiyo mia huku dawa yao imefungiwa kwenye sanduku la familia moja. Na ajabu ni kwamba mwaka 1634 Peter Chamberlen, daktari wa ukoo huo huo, alitaka wakunga wa London wawekwe kwenye chama kimoja, yeye awe mwalimu na msimamizi wao. Wakunga wakakataa. Waliwaambia wakubwa kwamba bwana huyu anajua uzazi wa vyuma tu, uzazi wa kawaida haujui, na kwamba anatafuta kuhodhi kazi yao. Pendekezo likafa. Wapo wanaosema wale wakunga waliogopa elimu. Mimi nasema waliogopa mwalimu aliyeficha somo lenyewe mfukoni.

Tuendelee. Sheria ya wakunga ya Uingereza na Wales ilipita mwaka 1902, ikaunda bodi ya kuwasajili. Ilikuwa hatua kubwa, lakini iliwabana pia wakunga wengi wa kijijini waliojifunza kwa mama zao. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1936, iliyoleta wakunga wa kulipwa mshahara chini ya serikali za mitaa, pamoja na masomo ya kujikumbusha kwa mkunga aliye kazini. Hapo ndipo niliposimama kidogo. Kwa mara ya kwanza mkunga alihesabiwa kuwa mtu ambaye elimu yake haiishii siku ya kupewa cheti. Yaani yale anayoyafanya ma'mdogo leo usiku yana babu yake.

Marekani nako kuna kisa. Mary Breckinridge alifiwa na watoto wake wawili, akaamua maisha yake yaliyobaki yawe ya watoto wa wengine. Alikuwa muuguzi, akaenda Uingereza kusomea ukunga, akarudi milimani Kentucky na mwaka 1925 akaanzisha huduma ya wauguzi wakunga waliowafuata akina mama kwa farasi. Wengi wa wakunga wake walitoka Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1939, baadhi yao wakarudi kwao. Angefunga? Hapana, alifungua shule yake mwaka huo huo, ikiwa na wanafunzi wawili. Kilichonivutia zaidi kilitokea miaka 50 baadaye, mwaka 1989: shule hiyo ilikuwa miongoni mwa walioanzisha masomo ya ukunga ambayo muuguzi anayasomea huko huko anakoishi, anafika Kentucky kwa muda mfupi tu. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Ukimtoa muuguzi kijijini kwa miaka miwili ukampeleka mjini, kuna hatari kubwa asirudi. Ukimwachia asome akiwa nyumbani kwake, kijiji hakimpotezi.

Sasa twende kwenye swali lenyewe la ma'mdogo: mama mjamzito alifaidika nini?

Kuna mkunga wa Uingereza anaitwa Jennifer Sleep. Alifanya kazi Reading, wakati ambao wanawake wengi waliongezewa njia wakati wa kujifungua, yaani wanakatwa kisha wanashonwa, kwa imani kwamba kukatwa ni nafuu kuliko kuchanika. Kila mtu aliamini hivyo. Sleep akauliza: nani amepima? Akishirikiana na watafiti wa Oxford, walichukua wanawake 1,000, wakawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja wakunga walijizuia kukata isipokuwa kwa ajili ya usalama wa mtoto, kundi la pili walikata kwa uhuru zaidi ili kuzuia kuchanika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Kundi la kwanza waliokatwa ni asilimia 10, la pili asilimia 51. Na maumivu? Hakukuwa na tofauti ya maana, si baada ya siku kumi, si baada ya miezi mitatu. Kumbe wale wote wa ziada walikatwa bure! Utafiti mkubwa zaidi kutoka Argentina, wenye wanawake zaidi ya 2,600, uliunga mkono jambo hilo mwaka 1993. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi kwamba kuongeza njia kama jambo la kawaida kwa kila mzazi hakushauriwi.

Kabla yake kidogo, mwaka 1980, Mona Romney alikuwa amehoji desturi ya kuwanyoa wajawazito kabla ya kujifungua, na mwaka 1981 yeye na mwenzake wakahoji desturi ya kuwasafisha tumbo kwa bomba. Ni mambo madogo? Muulize aliyefanyiwa.

Mnaona basi? Maswali haya yalizaliwa kitandani kwa mzazi, kwa watu wanaoshika sindano na uzi kila siku. Ila swali peke yake halitoshi. Wakunga wangapi kabla ya Sleep waliona kwamba mkasi unatumika ovyo, wakanung'unika kwenye chumba cha chai, ikaishia hapo? Kilichokosekana ni ujuzi wa kuhesabu, kulinganisha na kuandika mpaka daktari asome na anyamaze. Ujuzi huo ndio unaofundishwa kwenye shahada ya uzamili.

Hapa kwetu Afrika Mashariki wazo la kusoma bila kuacha kazi si geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza masomo ya juu ya uuguzi Kenya, Uganda na Tanzania, yaliyopangwa kwa ajili ya wauguzi walio kazini. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya wakaanzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa ngazi ya cheti, ambao walikuwa zaidi ya 20,000, wafikie stashahada. Hiyo si uzamili, lakini mlango ni ule ule.

Nisiwadanganye lakini. Nilipokuwa nafurahia hoja zangu, mzee mmoja aliyestaafu udaktari alinishusha pumzi. Akasema, "Kijana, mkunga akishapata masters utamwona tena leba? Atakuwa ofisini au chuoni." Ana haki. Muundo wetu wa kazi mara nyingi humpandisha mtu kwa kumtoa alipo. Mkono uliozoea miaka kumi na tisa unapelekwa kusaini barua. Ndiyo maana naona kosa haliko kwa mkunga kusoma. Kosa ni kukosa cheo chenye heshima na mshahara ndani ya wodi kwa aliyesoma, na kumwachia mtu zamu zote kisha tukashangaa anaposinzia darasani.

Jumamosi nikarudi kwa ma'mdogo na daftari langu. Nikamsomea yote, hata la yule mzee. Alicheka sana kwa habari za Chamberlen. Kisha nikamwambia la mwisho nililomwekea akiba: patografu. Mnaijua? Ni ile chati ya kufuatilia uchungu. Mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, uliotengana kwa saa nne, ilitoka Afrika hii hii. Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutoka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ili kumsaidia mkunga aliye peke yake katika zahanati ya mbali kujua saa ya kumkimbiza mama hospitali.

Ma'mdogo akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Unajua baba, zipo siku tunaijaza mtoto akishazaliwa. Mkunga mmoja, wazazi sita. Unajaza ili faili lisiwe tupu."

"Sasa si hilo ndilo swali lako?" nikamwambia. "Kwa nini inajazwa baadaye, na ifanyike nini ijazwe kwa wakati. Nani mwingine atauliza, kama si wewe uliyekuwa na wazazi sita?"

Hakunijibu. Alivuta kompyuta, akafuta kichwa cha pendekezo lake la utafiti, akaanza kuandika kingine. Ada bado haijapatikana yote, na zamu ni zile zile. Mimi nimechangia kidogo kutoka kwenye malipo ya makala mbili, wajomba bado wanalizungumzia duka la dawa.

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza tusiwacheke wanaposoma, maana anayenufaika huenda ni dada yako, mke wako, au wewe mwenyewe unayesoma hapa.

Ni hayo tu kwa leo. Kama una mkunga nyumbani kwenu anayesoma usiku, mpikie chai ya moto. Alamsiki.